Kha ya Bakhita

Karani wa vitambulisho, hapa Bombo, kaandika Bahati.
Si Bahati, nikamwambia. Bakhita.
Kafuta, kaandika Bakita.
Hapana, kuna kha pale katikati,
kukwaruza kidogo kooni, kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki
na hataki wageni wajue.

Foleni nyuma yangu ilifika duka la saruji.
"Maana yake nini?"
Mwenye bahati.
Akaweka kalamu chini. "Si ndivyo nilivyoandika mwanzo?"

Ana haki. Neno ni moja, lilipita njia mbili.
Moja ilishukia pwani, kha ikalainika ikawa ha.
Nyingine ilipanda na Mto Naili kwa miguu,
nyuma ya askari, juu ya vichwa vya wanawake,
baina ya sufuria na mtoto,
na huko hapakuwa na cha kulilainisha.

Wa kwanza kulibeba ni bibi wa bibi yangu.
Hakuzaliwa nalo.
Alipewa na aliyemnunua,
siku moja na kipande cha marekani cha kujifunga.
Wanunuzi walipenda majina ya heri:
ukimwita mtumwa wako Mwenye-bahati,
alfajiri, ukitaka maji ya kutawadha,
umeianza siku kwa kutaja bahati.
Yako, si yake.

Jina la kwao halijui mtu.

Habuba Zenabu akisuka tabaga
alichanganya nyekundu, zambarau, kijani kikali,
kisha mahali pamoja akaacha ukindu mweupe, mtupu.
Umekosea, nilimwambia, nilikuwa na miaka sita.
"Hapo ndipo lilipokuwa jina la bibi yangu.
Usipatie rangi."

Lakini mbona, alipokuwa huru, hakulitupa?
Mbona akampa mjukuu, naye akanipa mimi?
Habuba alifunika kisra kwa tabaga lake, akanawa mikono.
"Alisema amelilipia."

Kadi ilitoka baada ya miezi minane.
BAKHTA.
Kha wameipata. Irabu imeanguka njiani,
pengine Kampala, pengine mashineni.
Shangazi anasema nirudi nikapange foleni.
Benki imeikataa saini yangu mara mbili.

Sijarudi.
Naipitisha kidole pale pasipo herufi,
pamelala, paleupe, kama ukindu.