Luku ya Pamoja, Chikongola

Kimita chenyewe kidogo, kama kipande cha sabuni ya mche.
Nimekichomeka kati ya ukuta na friza,
maana walisema: Somoe ndiye anayemaliza uniti,
Somoe na barafu zake za ukwaju.

Siku saba, daftari mapajani.
Friza likinguruma, wati tisini. Likinyamaza, sifuri.
Jumla, uniti saba na nusu.
Luku ya nyumba nzima imemeza arobaini.

Nikapita nacho chumba kwa chumba.
Kwa Nandonde, pasi. Kwa Binti Mkwachu, redio tu, maskini.
Kwa mwenye nyumba mlango haukufunguka,
ila harufu ya kunde ilitoka yenyewe,
na chini ya mlango, wekundu wa koili.

Leo tunachangishana.
Daftari nimeliacha wazi mezani,
nikaendelea kufunga barafu.