Namba Tatu

Babangu, Asaa Kombo,
aliyelinda mitambo
Wesha, zama za kitambo,
na dizeli mikononi.

Namba tatu yake hasa,
mashine yenye mikasa,
huwaka kwa kupapasa
kama ng'ombe wa zizini.

Usiku ikinguruma,
vikombe vikitetema,
nasi tukilala vyema
nayo iko sikioni.

Taa zetu za mgao,
leo sisi, kesho wao,
mabibi na taa zao
za chemni, mlangoni.

Kisha ikaja habari:
waya wavuka bahari,
wavikwa lami, tayari
kwenda lala vilindini.

Nikasema, "Moto, maji,
vitakaa vipi mji
mmoja, pasi mlaji
na mliwa, baharini?"

Akanicheka: "Mjinga!
Mama wa moto wa Tanga
ni maji yanayogonga
gurudumu la shimoni.

Gurudumu lazunguka,
sumaku nayo yashika,
shaba yote yashituka,
ndio umeme, amini.

Bara hupewa kishindo
ili usichoke mwendo;
Wesha hushushwa kwa pendo,
usitudhuru nyumbani."

Siku ulipowasili
taa zikawa za kweli,
Chake Chake hakulali,
barafu zi madukani.

Nguzo zikaenda Konde,
zikaingia mabonde,
hata banda la Makunde
lina taa ya darini.

Nayo tatu ikazimwa,
Baba funguo kanyimwa;
hakusutwa, hakusemwa,
akahamishwa storini.

Tangu hapo usingizi
wamtoka kama mwizi,
na vikombe havichezi,
aviweka sikioni.

Mama abonyeza mita,
tarakimu zampita:
"Ni saba, au ni sita?"
Baba kimya, barazani.

Mwaka juzi, saa nane,
kiza, tusioneane;
hitilafu, na pengine
ni bara, si visiwani.

Pikipiki ikalia,
kijana akamwambia:
"Ile tatu yasusia,
haitutaki kazini."

Akaenda na kikoi,
kandambili, hangojei;
Mama: "Na shati huvai?"
Keshapotea kizani.

Dakika kumi: ngurumo,
ile ile, roho imo,
na vikombe vilivyomo
vikicheza kabatini.

Hospitali ikapata,
mji wote ukasota;
nikenda, nikamkuta
kajilaza sakafuni,

kichwa juu ya gunia,
mashine yamlilia,
naye aikoromea
kama mwana mgongoni.

Asubuhi ukarudi
wa bara, bila ya hodi;
kuzima hapana budi.
Nikasita mlangoni.

Swichi yake naijua.
Kijana keshasogea.
"Subiri," nikamwambia,
"dakika tu, ishirini."