Kidole cha Mwisho

Semboja anapopiga solo, kidole chake cha mwisho hakipigi.
Kimelala juu ya kitufe cha volyumu,
kimetulia, ila hakijasinzia.
Mwantumu akifungua kinywa, kidole kinavuta kidogo,
nusu ya nusu, chumvi ya kuonja kwa ncha ya ulimi,
na gitaa linashuka, linakaa kitako, linamsikiliza.
Ubeti ukiisha, kidole kinasukuma,
na ukumbi mzima wa Makorora unajua zamu ni ya nani.

Mimi kidole hicho sina.
Kilibaki kwenye mashine ya mkonge kule Pongwe, zamu ya usiku,
pamoja na pete ya shaba niliyoazima.
Kampuni ilinipa barua.
Barua haizungushi kitufe.

Miezi saba nikapiga kwa sauti moja,
mtu asiyejua kunong'ona msibani.
Mwantumu akaniambia, bila hasira, akimenya chungwa:
"Kaka Hizza, unanifukia."

Ndipo fundi Kibwana wa barabara ya kumi na nne
akatoa uvunguni pedali ya cherehani lililokufa,
akaifunga waya wa breki ya baiskeli,
springi ya mlango, gundi, matusi mawili matatu,
na kitufe cha redio ya shangazi yake.
"Kanyaga."
Nikakanyaga.
Ikakwaruza kwanza, bisi kikaangoni,
kisha ikafunguka.

Tanga hii, nani asiyejua pedali?
Mguu huu umeshanifikisha Chumbageni, Mabawa, Sahare,
umebeba gunia la muhogo,
umembeba mke wangu ana mimba ya miezi minane, upepo usoni.
Nikadhani na hili utalijua.

Wapi!
Mguu una wazimu wake.
Ngoma ikikolea, kisigino kinacheza,
na sauti inapanda na kushuka bila kuniuliza.
Semboja akacheka mpaka akaegemea spika:
"Mkono uko karibu na moyo, bwana. Mguu uko karibu na vumbi."
Nikamjibu: "Na wewe ukipunguza,
gitaa lako linajifunika blanketi, ule ukali wa juu wote unazimika.
Langu linashuka na nguo zake zote."
Akasema anapenda blanketi.
Akasema mikwaruzo ya amplifaya inatakata akirudisha kitufe nyuma,
wala hana waya wa kujikwaa.
Kweli. Wiki ile ile nilijikwaa.

Nikawa nafanya mazoezi uani,
mguu peku, pedali juu ya gunia,
watoto wa jirani wakiniuliza nashona nini.

Jumamosi moja Mwantumu aliimba ule wimbo wa mama yake,
akafika mahali sauti inapomkatikia kila mara.
Semboja alikuwa katikati ya nyuzi,
vidole vyote vina kazi, hata yule mlinzi wake.
Mimi nikagonga uzi, mguu umeinuka: kimya.
Kisha nikakanyaga polepole,
polepole kuliko nilivyowahi kukanyaga chochote,
na noti ikaja bila kucha, bila mlango,
hakuna aliyesikia ilipoanzia.
Ikampokea Mwantumu. Akaivuka.
Nikaachia.

Niseme jambo la aibu:
wakati ule mguu ulipokanyaga,
kile kidole cha Pongwe kiliwasha.
Nilikisikia kikizunguka, robo tu,
mahali ambapo hakuna kitu.

Baada ya ngoma Semboja hakusema neno.
Akavua kiatu. Akaweka mguu kwenye pedali yangu,
akakanyaga kama anayeua nge.
Springi ikaruka hadi kwenye meza ya tiketi.

Fundi Kibwana anadai elfu nne.
Tumekubaliana tuchangie nusu kwa nusu,
ingawa Semboja bado anashikilia
kwamba kitufe hakijawahi kumrukia mtu.