Namba Saba, Namba Tisa

Julai, Nairobi. Jua limeomba ruhusa tangu Jumatatu.
Ghorofa ya pili, kabati za chuma, harufu ya dawa ya nondo
iliyonizoea hata nikifika nyumbani Kariobangi
mtoto huniambia, mama, unanuka kabati.

Mezani nina mikunde-mwitu arobaini na mmoja
iliyoshuka kutoka Nyandarua ndani ya magazeti ya zamani.
Mmoja umelala juu ya matokeo ya mpira,
mwingine juu ya tangazo la kifo, mwingine juu ya bei ya viazi.
Imekauka. Imekunywa wino kidogo.

Kitabu cha ufunguo hakina maneno mengi.
Kama nywele za ganda zimelala, nenda namba saba.
Kama zimesimama, nenda namba tisa.
Saba ina jina lake, tisa ina jina lake,
na baina ya majina hayo kuna unywele
ambao bila lenzi ungedhani ni vumbi.

Naileta lenzi jichoni, nazuia pumzi.
(Pumzi huzilaza nywele zilizosimama.
Hilo halimo kitabuni. Alinifundisha Ireri
kabla hajahamia idara ya kuvu.)
Saba. Saba. Tisa. Saba.
Tisa, tena tisa ya kujivuna,
nywele kama za paka aliyeona mbwa.
Saba.

Asubuhi, langoni, mlinzi mpya alisoma kitambulisho changu,
akakipindua, kana kwamba jibu liko nyuma.
"Marigu. Wewe ni Mwembu ama Mmbeere?"
Nikamwambia baba huku, mama kule,
na maneno mengi ni yale yale,
tofauti ni pale sauti inapopanda.
"Sema basi nisikie."
Nikasema. Akainamisha kichwa, akasikiliza,
akafungua lango bila kuniambia ameamua nini.

Karatasi ya thelathini ni ya Kathuni.
Maua matatu, zambarau iliyogeuka rangi ya chai.
Majani mazima, mzizi kamili, hata udongo umo.
Ganda hakuna.
Lebo ni ya penseli, mwandiko unakimbia:
Mita 3,050. Ukungu. Kando ya kijito.
Nyati wako karibu, nimechuma upesi.

Nimegeuza karatasi. Nimechungulia bahasha ya vipande.
Namwona Kathuni, magoti matopeni,
mkono kwenye shina, sikio vichakani,
na ganda, je, lilikuwepo? Lilidondoka akikimbia?
Liliota huko lilikoota,
halijui kuna mtu mjini analisubiri?

Majani nayo hayasemi. Nimeyapima kwa rula:
marefu kama ya saba, mapana kama ya tisa.
Kikombe cha ua, upande mmoja nywele zimelala,
na upande wa pili, naapa, zinaamka.
Nimemwita Daktari Chebwai atazame.
Ametazama muda wa chai kupoa.
"Weka saba," amesema.
Amefika mlangoni. "Ama tisa."

Mama yangu huchagua kunde zake za kupanda gizani,
stima ikipotea, kwa kidole gumba tu,
akipapasa kile kitovu cha mbegu.
Huyu mkali, husema. Huyu mpole.
Nimuulize anajuaje, huniuliza kama nimekula.
Lakini mbegu anayo mkononi.
Mimi nina ua, na habari za nyati.

Saa kumi na moja. Nimeshona shina kwa uzi mweupe,
fundo nyuma, lisionekane.
Pale pa jina nimeandika kwa penseli, si kwa kalamu:
Bado. Na tarehe.
Rundo la saba limekwenda kabatini, la tisa limekwenda kabatini.
Katikati hakuna rafu.
Nimeulaza kwenye droo yangu, palipokuwa na mwavuli.
Mwavuli nimeutoa. Hata hivyo
nje manyunyu yameanza.