Panzi Ndani ya Kiberiti

Nililisikia kabla sijaliona.
Likavuka daraja la Rio Grande, likakata kona ya duka la matairi,
na madirisha ya karakana yangu yakagongana kama meno ya mwenye homa.
Onofre Maestas akazima injini, akashuka.
"Besi ninayo," akasema. "Spika mbili za inchi kumi na mbili.
Lakini kila inapopiga, Buick yote inaitikia
kama kabati la vyombo linaloporomoka ngazini."

Debe tupu, nikawaza, haliachi kuvuma.
Ila hili halikuwa tupu. Kiti cha nyuma
alikaa binti wa miaka tisa, koti jekundu,
kiganja amekibandika mlangoni.
"Briseida," akasema baba yake. "Hasikii. Tangu azaliwe."

Nikaanza kama ninavyoanza siku zote:
mlio mmoja mtupu, bila wimbo, ukipanda taratibu kutoka chini kabisa,
kutoka pale ambapo sikio halijajua kama limesikia.
Kwenye thelathini kikalia kibao cha namba.
Nikakitia sponji kisogoni, kikanyamaza.
Thelathini na saba, kifuniko cha buti.
Arobaini na mbili, mkanda wa kiti uliosahauliwa,
kichwa chake cha chuma kikigonga nguzo, tik, tik, tik,
nikaona aibu kwa niaba yake.

Nikavua ngozi za milango. Ndani: vumbi la miaka thelathini na tano,
klipu nne zilizovunjika, risiti ya duka lililokwishafungwa.
Februari ya Española, lami haishiki; sharti uibembeleze.
Nikapasha bati moto, nikabandika shuka za lami zenye mgongo wa fedha,
nikazikandamiza kwa rola ndogo
mpaka vidole vikanuka barabara mpya.
Nikagonga kwa kifundo cha kidole.
Kabla: bati. Baada: ubao.
Ndiyo siri yote ya kazi hii.
Huiui sauti. Unalipa bati mzigo wa kubeba;
lenye mzigo halina muda wa kusengenya.

Siku ya pili, saa kumi, ukabaki mlio mmoja.
Mdogo, mkavu, kama panzi ndani ya kiberiti.
Hamsini na moja yupo. Hamsini hayupo.
Nikaibana dashibodi kwa kiwiko. Nikamlaza Onofre butini.
Nikang'oa taa ya dari, nikairudisha.
Mlio wa namna hii hauna anwani:
ukiufuata mbele, unakucheka nyuma.

Ndipo mtoto akanisukuma kando kwa bega.
Akapitisha viganja juu ya gari
kama daktari wa farasi,
dari, nguzo, ukingo wa kioo. Akasimama.
Akaweka ncha ya kidole kimoja
penye skrubu ya kioo cha kutazamia nyuma.
Panzi akafa.
Akainua kidole: panzi akafufuka. Akashusha. Akainua.
Mimi, mwenye masikio mawili mazima,
nikahisi yote mawili yakipata moto.

Tone moja la gundi. Robo mzunguko wa bisibisi.

Tukapiga muziki wenyewe, kumbia ya zamani,
na gari likatulia kama chungu kizito mekoni.
Onofre akafumba macho. Mimi nikafikiria ankara.
Briseida akarudi kitini pake, nyuma kushoto,
akaweka kiganja mlangoni, akangoja.
Akageuza kiganja. Akajaribu kwa shavu.
Kisha akamgeukia baba yake, akasema kwa mikono kitu kifupi.
"Anasemaje?"
Onofre hakujibu upesi. Alipunguza sauti, akaiongeza, akapunguza.
"Anasema umelifunga mdomo."

Saa mbili usiku nilikuwa nimevua tena ngozi ya mlango ule,
nakwangua lami niliyoibembeleza mwenyewe,
ikitoka shingo upande, ukanda kwa ukanda,
hadi bati likabaki uchi mbele ya kiganja chake.
Kazi hiyo sikuitoza.
Kwenye ankara, pale pa maelezo, niliandika:
milango mitatu na nusu.