Makabidhiano ya Zamu

Kaa, Lugano. Chai imepoa, lakini ni chai.
Kabla king'ora hakijalia nikukabidhi:
funguo tatu, daftari la mahudhurio,
tochi isiyowaka mpaka uigonge pajani,
na watu thelathini na wanane.
Watu hawamo kwenye fomu. Tochi imo.

Ofisi kuu watakuletea fulana.
Mwaka jana zilikuwa za kijani, mgongoni zimeandikwa
SISI NI FAMILIA, saizi moja, kubwa.
Mwezi uleule familia ikakatwa posho ya nauli.
Sikudhani ameichana yake, anafutia meza.
Usimwandikie barua.

Watamleta na mtaalamu kutoka Masaki,
awaambie washikane mikono, waseme "ninaweza" mara tatu.
Watasema. Watu wa zamu ya usiku ni wastaarabu.
Ila saa nane, magadi yakishakaba koo,
"ninaweza" imeshakwenda kulala
na Mwajabu bado amesimama.

Huyo Mwajabu, mtazame.
Miaka kumi na mmoja kwenye mtambo wa kukata miche.
Anausikia ukiumwa kabla fundi hajavaa viatu:
huinamisha kichwa, hivi,
anyamaze,
kisha aseme, "Beringi ya kushoto."
Nami kwenye ripoti naandika: hitilafu imegunduliwa.
Imegunduliwa na nani? Na popo?
Siku niliyoandika jina lake aliomba aione karatasi,
akaifuata kwa kidole mpaka mwisho.
Kesho yake alifika nusu saa kabla ya wenzake.

Usinielewe vibaya. Jina halinunui unga,
na kondakta wa Gongo la Mboto hapokei sifa.
Kwa ile posho nimepanda ghorofani mara nne.
Mara ya tano ni yako.

Pazi usimpange Ijumaa usiku.
Jumamosi alfajiri humpeleka mkewe Muhimbili kusafishwa damu.
Hakuniomba. Nilijua siku nilipomuuliza kwa nini anasinzia
badala ya kuandika kwamba anasinzia.

Feni ya kona ya ufungaji ilisimama miezi saba.
Nikaenda Kariakoo, nikanunua kapasita, elfu nne, hela yangu.
Walishangilia kama timu yao imefunga bao.

Sasa lile sanduku la maoni, pale mlangoni.
Ufunguo ulipotea, au tulisema umepotea.
Juzi nimelivunja kwa bisibisi, nikukabidhi likiwa tupu.
Maganda ya karanga. Tiketi ya bahati nasibu.
"Choo." "Choo." "Choo cha wanawake, jamani."
Na karatasi moja iliyokunjwa mara nne,
mwandiko wa Masunga, herufi zimelala kama mvua ya upepo:
Naomba kufundishwa mtambo wa pili.
Niko tayari kubaki baada ya zamu, bila malipo.
Tarehe: miaka miwili kabla hajaondoka.

Masunga unamjua. Yuko kiwanda cha ng'ambo,
anasimamia mitambo minne.
Siku aliyoaga nilisema, tena mbele ya watu,
"Vijana wa sasa hawana moyo wa kazi."
Moyo wenyewe ulikuwa sandukuni, na mimi
nilikuwa nikilipangusa vumbi kila Jumatatu.
Tukikutana Barabara ya Pugu bado ananiita bosi.
Naitikia. Nifanyeje?

Shika karatasi hii. Usiitundike ukutani.
Iweke ndani ya daftari, ukurasa wa leo,
iwe inakudondokea.

King'ora hicho. Toka ukawapokee getini,
usiwasubiri mezani.
Anza na Sikudhani: goti linamuuma.
Ukimuuliza atasema haliumi.
Muulize tena.