Timazi Haina Mjomba

Nilianza na chaki, sakafuni,
hapa Pasua, katika banda ambamo mama alifuga ng'ombe:
mstari mmoja wa katikati, mlangoni hadi horini,
kisha kushoto na kulia, vipimo sawasawa,
kama mtu anayemchorea mtoto samaki
kwa kuanza na mfupa.

Bomba la mraba, inchi na robo.
Nilinunua kipande kipande,
kila Ndeonasia alipouza mayai akasahau kuficha chenji.

"Mraba ni mwongo," nilimwambia Aikande,
mtoto wa dada yangu, kidato cha pili, likizo.
"Usukume ubavuni, unalala.
Upe mshazari mmoja."
Hakuniamini. Akapigilia fito nne, akazisukuma,
zikalala.
Akapigilia ya tano.
Akapanda juu, akaruka ruka,
tangu siku hiyo hakurudi nyumbani kabla ya giza.

Majirani walikuja kukagua.
Gari la watu wangapi?
Wawili.
Na nyuma?
Hakuna nyuma.
Mama Mkunde akalizunguka mara mbili, mikono kiunoni:
"Sasa ndizi utaweka wapi?"

Injini ya Korola iliyogongwa Himo.
Mikono ya magurudumu nimeichomelea mwenyewe,
miwili juu, miwili chini, kila upande;
ule wa juu mfupi, ili gari likiinama konani
tairi libaki limesimama wima.
Hilo nililisoma, nikalichora, nikalifuta,
nikalichora nyuma ya kalenda ya saccos mpaka Septemba ikatoboka.

Tukalipima kwa mizani ya kahawa ya baba,
iliyostaafu kabla yake.
Kona moja juu ya mizani,
tatu juu ya tofali za kimo kilekile,
na kwenye kiti changu kilo sabini na nane za mahindi
zikiwa zimekaa kwa heshima zote.
Mbele kulia, mia na arobaini na tisa.
Mbele kushoto, mia na arobaini na moja.
Nikafurahi. Nikapaka fremu rangi,
buluu, makoti mawili.

Rangi haijakauka vizuri, Aikande akasema,
"Mjomba, hatujapandisha gurudumu tukaliangalia."

Tukatoa springi.
Akaning'iniza timazi mbele ya tairi, nyingine nyuma,
akachora mstari chini yake, akashika jeki.
Gurudumu likapanda.
Polepole, kama mtu anayegeuza shingo
kumtazama asiyepaswa kumtazama,
likageuka.
Usukani nilikuwa nimeufunga kwa kamba. Likageuka hivyo hivyo.
Timazi ya mbele ikauacha mstari:
milimita saba.

Nikajua kosa kabla sijainama.
Stelingi niliiweka juu mno.
Tairodi inachora duara lake,
mkono wa chini unachora lake,
na gurudumu, mtoto wa nyumba yenye ugomvi,
linamfuata anayevuta.

"Saba tu," nikasema.
Aikande akakunja futi, akaikunjua.
"Nani ataona?" nikasema.
Akainua macho kwenye barabara, ile ya kupanda Kibosho,
asinijibu.
Kila shimo la njia ile lingeshika usukani kabla yangu.

Usiku Ndeonasia aliniuliza nani amekufa.

Asubuhi nikawasha grainda.
Mlima ulikuwa wazi mpaka Mawenzi; sikuutazama.
Buluu ikaungua kwanza, ikanuka,
mama akauliza dirishani ni nini kinaungua,
nikasema, "Haraka yangu, mama,"
akadhani ni utani, akafunga pazia.

Sasa nashusha kishikizo cha stelingi,
unywele kwa unywele, nagonga kwa nyundo ya mpira.
Aikande amelala chali sakafuni,
jicho moja limefumba, uzi mkononi.
"Bado," anasema.
Nagonga.
"Bado."
Nagonga.
"Hapo. Mjomba, hapo hapo.
Usipumue."